Saint-Paul-de-Vence, kijiji cha mlimani na wageni wake wawili

Na Mwandishi Wetu, Nice

Sisi tunaoishi ugenini tunajua kuwa mapumziko si lazima yale mshahara wa mwezi. Jumapili moja mimi, mke wangu na watoto wetu wawili tulipanda basi hapa Nice, kusini mwa Ufaransa, tukaenda kukitembelea kijiji cha kale cha Saint-Paul-de-Vence, umbali wa kilomita 20 hivi. Chakula tulikuwa nacho mkobani: mikate, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai.

Kijiji hicho kimekaa juu ya kilima, kikizungukwa na kuta za mawe zilizojengwa katika miaka ya 1540 kwa amri ya Mfalme François wa Kwanza. Wakati huo Mto Var ulikuwa mpaka, na Nice ilikuwa mali ya watawala wa Savoy. Iliingia Ufaransa kwa kudumu mwaka 1860. Leo basi linauvuka mto huo na hakuna anayeulizwa pasi. Mimi niliyezaliwa Bukavu, ninayejua mipaka yetu ilivyo, niliutazama mto ule kwa muda mrefu.

Langoni upo mzinga wa kale, na kijana wetu hakutaka kuuacha. Ndani ni vichochoro vyembamba vilivyotandikwa kokoto zilizopangwa mfano wa maua. Nyumba nyingi sasa ni maduka ya picha na sanamu. Mke wangu alisoma bei dirishani akacheka: "Papa Neema, hapa tununue kwa macho."

Mwisho wa kijiji kuna makaburi. Hapo amezikwa mchoraji Marc Chagall, Myahudi aliyezaliwa mwaka 1887 Vitebsk, mji ambao leo uko Belarus. Mwaka 1941 aliwakimbia Wanazi akaenda Marekani, kisha akarudi Ufaransa. Alifariki hapa mwaka 1985, akiwa na umri wa miaka 97. Wageni huweka vijiwe juu ya kaburi lake, kama ilivyo desturi ya Wayahudi. Kijana wetu naye aliokota kimoja, akakiweka taratibu.

Mgeni wa pili ni mwandishi James Baldwin, Mmarekani mweusi wa Harlem. Aliikimbia nchi yake mwaka 1948 kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na kuanzia miaka ya 1970 aliishi katika nyumba iliyokuwa nje kidogo ya kuta hizi. Alifia humo tarehe 1 Desemba 1987. Mwili wake ulirudishwa Marekani ukazikwa jimbo la New York. Sehemu ya nyumba yake ilibomolewa, na uwanja wake ukajengwa nyumba za kifahari.

Nilipokuwa nikiwaeleza hayo, binti yetu mwenye miaka 12 aliniuliza: "Papa, wewe utazikwa wapi?"

Mke wangu aligeuka akatazama bonde. Niliondoka nyumbani mwaka 2016, baada ya vitisho vilivyotokana na kazi yangu ya habari. Karatasi nilizopewa zinaniruhusu kwenda nchi nyingi, isipokuwa ile moja. Baba yangu alipofariki mwaka 2020, mazishi yake niliyaona kwenye simu, na mtandao ulikatika kabla jeneza halijashushwa.

Nilimjibu binti yangu kwamba sijui. Akafikiri kidogo, akasema: "Basi kwanza twende kumsalimia Koko." Koko ni mama yangu. Watoto hawa hawajawahi kumshika mkono.

Tulikula chakula chetu kwenye kivuli karibu na ukuta, wazee wa kijiji wakicheza mchezo wao wa kurusha tufe za chuma. Jioni tulimpigia mama simu. Alitaka kujua kama kijiji kile kina maji, na kama kilima chake ni kirefu kuliko vyetu. Nikamwambia hapana, Mama, vyetu ni virefu zaidi.