Programu ya Kutambua Viumbe: Tubaki na ya Zamani au Tuchukue Mpya?

Kamati za sharika kadhaa zimetuuliza kama vikundi vya mazingira viache programu ya zamani ya iNaturalist na kuchukua mpya. Tunajibu hapa kwa pamoja, maana wafadhili nao wameuliza.

iNaturalist ilianza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mtu hupiga picha ya mti, ndege au mdudu, simu hurekodi tarehe na mahali, kisha watu wengine duniani husaidia kukitambua kiumbe hicho. Katika toleo la zamani picha huhifadhiwa hata porini, lakini jina linalopendekezwa na kompyuta halitoki bila mtandao. Kwetu Katavi maana yake ni kusubiri hadi urudi Mpanda mjini, mti wenyewe umekwisha kuusahau.

Toleo jipya lilitoka mwaka 2025, likianza na simu za iPhone, na la zamani likaitwa iNaturalist Classic. Tofauti kubwa ni kamera inayotaja jina palepale bila mtandao. Kamera hiyo imetokana na Seek, programu ndugu iliyoanza mwaka 2018, ambayo inapatikana pia kwa simu za Android na haimdai mtu ajiandikishe.

Hapo ndipo tunapoomba tahadhari. Kompyuta hujifunza kwa picha, na kiumbe ambacho hakijapata picha kama 100 hakimo katika mafunzo yake. Miombo yetu haina wapiga picha wengi kama Serengeti, kwa hiyo kamera inaweza kutaja ndugu wa mti badala ya mti wenyewe. Kijana akiona jina la Kilatini kwenye kioo hudhani shauri limekwisha. Kumbe katika iNaturalist rekodi haifikii daraja la kufaa utafiti mpaka zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi wakubaliane.

Jambo hili ni zito zaidi kwa uyoga. Mvua zikianza, wengi wetu hula uyoga wa miombo. Programu yoyote, mpya au ya zamani, isitumike kuamua upi uingie chunguni. Mama aliyeokota uyoga msitu uleule miaka 30 asikilizwe kwanza.

Kuhusu kakakuona na wengine wanaowindwa, iNaturalist huficha mahali halisi na kuonyesha eneo pana la kama kilomita 22 kila upande. Ukiituma picha hiyo WhatsApp na kutaja kijiji, umeuondoa ulinzi huo.

Ushauri wetu: msinunue simu mpya kwa sababu hii. Wenye simu za Android wabaki na Classic kwa kumbukumbu, waongeze Seek kwa kujifunzia porini. Simu zije na taarifa za robo mwaka, tutaziwekea hapa ofisini.