Jiwe limetoka mbinguni? Tuliangalie kwanza



Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja aliingia darasani akipiga kelele: "Mwalimu, ona! Hii jiwe imeanguka toka mbinguni!" Lilikuwa jeusi. Nyumbani bibi yake alitaka kulikwaruza, unga wake utiwe ndani ya maji, apewe mdogo wake aliyekuwa na homa. Mtoto akamwambia, "Bibi, tungoje mwalimu aione."

Kabla ya kumjibu, niliwasimulia watoto habari ya Mbale, mashariki ya Uganda. Tarehe 14 Agosti 1992, mchana, kimondo kilipasuka angani, mawe mengi yakaanguka juu ya mji na mashamba. Kubwa kuliko yote lilipita kilo 27. Jingine dogo, gramu 3.6 tu, lilimgonga kijana kichwani, lakini majani ya mgomba yalikuwa yamelipunguzia mwendo, hakuumia. Kuna watu waliosaga mawe hayo wakala ao wakajipaka, wakiamini Mungu ametuma dawa ya SIDA. Haikuwa dawa.

Wataalamu wao hawakuanza na jina. Walianza kuangalia. Nje waliona ganda jeusi jembamba, kwa sababu jiwe liliungua likishuka. Ndani waliona chembe za chuma, zile zinazovutwa na sumaku, na vipunje vya mviringo. Mawe yenye vipunje hivyo yanaitwa kondraiti. Wakapima chuma chake: ni kidogo, basi likapewa herufi L. Mwisho wakaangalia kama joto la zamani sana, huko lilikotoka, limefifisha vipunje: namba 5 mpaka 6. Ndiyo maana jiwe la Mbale linaandikwa L5/6.

Lina ndugu yake mbali. Mwaka 1912 msafara wa Douglas Mawson uliokota jiwe juu ya barafu ya Antaktika, kusini kabisa ya dunia. Hilo ni L5. Kwenye barafu nyeupe jiwe jeusi linaonekana haraka, kwa hiyo vimondo vingi vya dunia vimeokotwa huko. Moja kwenye migomba, jingine kwenye barafu, na kundi ni moja!

Sasa tukarudi kwa jiwe letu. Ganda hakuna. Tulipolivunja, ndani tuliona matundu mengi kama ya mkate. Matundu hayo yanaachwa na gesi, moto wa volkano ukipoa. Pande zetu hizi, toka Bukavu mpaka Kamembe, mawe ya volkano ya zamani ni mengi. Mtoto alisikitika kidogo, lakini bibi alikubali. Mdogo alipelekwa kituo cha afya, akapimwa, ikawa malaria. Leo anacheza.

Wazazi, neno moja tena. Wengi wetu tumetoka kwenye vita. Kitu cha chuma chenye pini, mkia ao maandishi si kimondo, kinaweza kuwa bomu. Mtoto asikiguse, asikitupie mawe. Arudi nyuma, aite mtu mkubwa.

Zoezi kwa watoto: okota jiwe lako. Andika rangi yake, uzito wake, kama liko na ganda, kama liko na matundu. Sumaku iko kwangu, nimeitoa kwenye spika ya radio mbovu. Jina tutalitafuta pamoja, mwishoni.