Chonge Zinapochomoza

Mtoto aliyelala usingizi mnono tangu magharibi huzinduka usiku wa manane akilia, ngumi nzima ameitia kinywani, udenda umemlowesha kidevu hadi kifuani, na mama akimpakata humng'ata bega. Na ukipitisha taratibu ncha ya kidole kilichooshwa juu ya ufizi wake, utauhisi umevimba, nao una joto. Meno mawili ya mbele ya chini, ambayo aghalabu hutoka mtoto akikaribia miezi 6, wengi huyaota bila ya taabu kubwa. Walakini magego ya kwanza, yajayo baada ya kutimiza mwaka, na chonge ziyafuatazo kati ya miezi 16 na 22 hivi, ndivyo vinavyowakeshesha wazazi.

Tiba yake ya kwanza ni ubaridi na mapaja ya mzazi: kitambaa safi cha pamba, kilichochovywa katika maji yaliyochemshwa yakapoa mtungini, kikakamuliwa, naye akakitafuna apendavyo. Maumivu yakizidi ipo parasetamoli ya watoto, kwa kipimo alichokieleza tabibu kulingana na uzani wake. Dawa za kupaka zenye benzokaini zisimkaribie kamwe, kwani zaweza kuizuia damu isibebe oksijeni ipasavyo.

Linalonichoma moyo zaidi ni dhana iliyoenea Tanzania tangu miaka ya 1980, ya kwamba mtoto mwenye homa na kuharisha ana «meno ya plastiki». Hupelekwa kwa mtu ambaye huupasua ufizi kwa chochote chenye ncha, pale pale zinapolala chonge, akachokoa kijidude cheupe, laini, akamwonyesha mama kiganjani kuwa ndicho kilichokuwa kikimuua mwanawe. Kijidude kile ni jino la mtoto lenyewe, changa, ambalo halijawahi kuwa gumu. Damu humwagika, vijidudu vya maradhi hupata mlango, na hata chonge ya ukubwani, iliyokuwa ikijiumba chini yake, huweza kuota kombo au isiote kabisa. Na wapo watoto waliofariki dunia.

Simlaumu mama, kwa kuwa ameona kwa macho yake meno na maradhi yakifuatana. Lakini umri ule ule wa kuota meno ndio umri wa kutambaa na kutia kinywani kila kilichookotwa sakafuni, ilhali kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mamaye imekwisha kupungua. Jino huweza kumtia mtoto ujoto kidogo na ukaidi mwingi, bali homa ifikayo nyuzi 38 au zaidi, au kuharisha mfululizo, hakutoki ufizini: mtoto huyo apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, apimwe malaria, na njiani anyweshwe maji ya chumvichumvi ya pakiti, kijiko baada ya kijiko, hata kama kila kijiko anakitafuna kwa fizi zinazomwasha.