Bawasiri: Fahamu Ugonjwa Kabla ya Kununua Dawa

Katika stendi na masoko ya Tukuyu, Katumba na Kiwira, si ajabu kumsikia mchuuzi mwenye kipaza sauti akitaja bawasiri, vidonda vya tumbo na upungufu wa nguvu za kiume kwa pumzi moja, kisha akanadi chupa inayotibu yote matatu. Wanunuzi hawakosekani, na sababu yaeleweka: ugonjwa wenyewe uko mahali ambapo mtu huona haya kumwonyesha daktari, na chupa haimuulizi mtu swali. Makala haya yanaeleza mambo yampasayo mtumiaji kuyajua kabla hajatoa fedha yake.

Kila binadamu, mzima na mgonjwa, anayo katika njia ya haja kubwa mito midogo ya nyama laini yenye mishipa ya damu, ambayo husaidia kuifunga njia hiyo. Mito hiyo ivimbapo na kushuka ndipo husemwa kuwa mtu ana bawasiri, au ameota kinyama. Kwa hakika hakuna kilichoota, wala hakuna mizizi ya kung'olewa. Hayo ni maneno ya biashara. Bawasiri ya ndani kwa kawaida haiumi. Dalili yake ni damu nyekundu ing'aayo baada ya haja, na pengine uvimbe utokao na kurudi. Ya nje huwasha, na damu ikiganda ndani yake huuma ghafla na kwa ukali, ingawa maumivu hayo aghalabu hupungua yenyewe baada ya siku kadhaa.

Chanzo kikubwa ni kujikamua chooni, na mtu hujikamua kwa kuwa choo ni kigumu. Baridi na mvua za Rungwe huwafanya wengi wasisikie kiu, kutwa ikapita kwa vikombe viwili vya chai. Sahani nayo hujaa ndizi, magimbi au ugali wa sembe, na mboga ikawekwa pembeni kama pambo. Wapo wadhanio kwamba mla ndizi hawezi kufunga choo, lakini ndizi ya kupika iliyokwisha kumenywa ina nyuzinyuzi chache kuliko maharage ya kiasi hicho hicho. Mtu mzima huhitaji takriban gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku. Gramu 100 za parachichi humpatia kama gramu 6 au 7, na kikombe cha maharage yaliyopikwa hukaribia nusu ya mahitaji yote. Wilaya inayouza maparachichi hadi nje ya nchi isingepaswa kuwa soko zuri la vidonge vya kulainisha choo.

Vyakula hivi viongezwe kidogo kidogo, la sivyo tumbo litajaa gesi, na viandamane na maji ya kutosha, kwani nyuzinyuzi bila maji huweza kuzidisha tatizo. Mtu aende chooni mara aonapo haja, asiiahirishe hadi jioni atokapo shambani, na asikae huko muda mrefu akisoma simu. Bawasiri iumapo, kukalia beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, huleta nafuu. Maji matupu yatosha. Dawa za kuua vijidudu huunguza ngozi.

Wajawazito hupatwa sana, hasa miezi ya mwisho. Vidonge vya madini ya chuma wapewavyo kliniki huweza kukaza choo na kukifanya cheusi, lakini mama asiviache kwa uamuzi wake mwenyewe. Amweleze muuguzi, naye atamshauri.

Kuhusu dawa za asili, neno "asili" si hati ya usalama. Utomvu wa manjano wa mshubiri huendesha tumbo kwa nguvu na haumfai mjamzito. Dawa yoyote ya kupaka iunguzayo ili "kukausha kinyama" yaweza kuacha kidonda na kovu linaloibana njia ya haja. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza lenye jukumu la kusajili waganga na dawa zao; kwa hiyo mnunuzi anayo haki ya kumuuliza muuzaji namba ya usajili, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Muuzaji akijibu kwa hasira, hilo nalo ni jibu.

Hata hivyo, hasara ya fedha ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya muda. Saratani ya utumbo mpana nayo hutoa damu, na mtu aliyekwisha kujiambia kuwa ana bawasiri huweza kunywa chupa baada ya chupa kwa miezi huku ugonjwa ukienea. Kutokwa damu kusikokoma, choo cheusi kwa asiyetumia madini ya chuma, kupungua uzito, kuishiwa nguvu, au choo kilichobadilika kwa majuma kadhaa bila sababu, vyote vyataka uchunguzi, na hasa kwa aliyevuka miaka 40. Damu ikitoka kwa wingi, au mtu akizimia, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Uchunguzi wa awali katika Hospitali ya Makandana, au kituo cha afya kilicho karibu, ni maswali machache na kipimo cha kidole kinachochukua dakika chache. Mgonjwa anaweza kuomba mhudumu wa jinsi yake. Bawasiri isiyotulia kwa chakula na maji ina tiba zake, zikiwamo kufungwa kwa mpira mdogo na upasuaji. Aliyekwisha kutumia dawa ya stendi asiifiche: aje na chupa yenyewe, hata ikiwa tupu, ili mtabibu ajue alichokunywa au kupaka.