Ngalawa Itabaki kwa Nani?

Sogeeni, wanangu. Mmeniambia mnataka ngalawa ya kuwapitisha wageni kwenye mikoko, na nauli ikanunue vitabu vya shule. Nia yenu imenifurahisha. Lakini kabla hamjahesabu nauli, nijibuni: siku mkigombana, ngalawa itabaki kwa nani?

Msicheke. Ukisikia watu wazima wakibishana wasajili kampuni, ushirika au shirika, ndani yake mna swali hilo hilo. Wazee wetu wa pwani walilijibu zamani. Mtu mwenye nyumba mjini aliiweka wakfu kwa msikiti. Tangu siku hiyo nyumba haiuzwi, hairithiwi, wala haitolewi zawadi. Mpangaji analipa kodi kama kawaida, na kodi hiyo ndiyo inayonunua mikeka na mafuta ya taa. Kwa hiyo kutotafuta faida si kukataa pesa. Pesa zije, tena nyingi, ila asiwepo wa kuzitia mfukoni.

Mkisajili kampuni ya hisa, ngalawa ni ya wenye hisa, na faida ni yao. Ushirika naupenda zaidi: kila mwanachama ana kura moja, awe na kitu au asiwe nacho. Lakini ushirika unaruhusiwa kuwagawia wanachama ziada. Kwa wavuvi wanaouza samaki wao pamoja, hilo ni haki kabisa. Kwa vitabu vyenu, nina wasiwasi. Ipo pia kampuni ya dhamana, isiyo na hisa hata moja: wanachama wanaahidi tu kiasi kidogo cha kulipia madeni ikifungwa, na katiba yake inaweza kukataza kabisa kugawana faida. Na hapa Kenya kuna mashirika ya manufaa ya umma, yenye sheria iliyopitishwa 2013 lakini ikaanza kutumika Mei 2024. Miaka kumi na moja, wanangu!

Sasa niwapeleke Gazi, kule Kwale, kusini mwa Mombasa. Pale maji yakipwa utauona mkoko umesimama juu ya mizizi yake kama kaa juu ya miguu. Mbegu yake ni ndefu, nyembamba. Unaichomeka topeni kwa mkono. Miti hii ilikatwa sana kwa boriti na kuni. Watu wa Gazi na jirani zao wa Makongeni wakaamua kuilinda na kupanda mingine, kisha wauze kazi hiyo: mikoko inavuta hewa ukaa na kuifungia topeni, na wako wanunuzi wa ng'ambo wanaolipia. Mradi wakauita Mikoko Pamoja, ukaanza 2013 kwenye hekta 117.

Lakini mikoko ya pwani ni msitu wa serikali tangu 1932. Utauzaje kazi ya msitu usio wako? Mlango ulikuwa katika Sheria ya Misitu ya 2005: wanakijiji waunde chama cha msitu cha jamii, kisajiliwe chini ya Sheria ya Vyama, ndipo waingie mkataba na KFS, shirika la serikali linalosimamia misitu. Chombo hicho hawakukichagua wao, sheria iliwachagulia. Mradi wenyewe unaendeshwa na shirika la kijamii, na kamati yake inatoka vijiji vyote viwili. Na kwa kuwa wanunuzi wako mbali, kuna chombo kingine tena, ACES, taasisi ya hisani iliyosajiliwa Scotland, inayouza kwa niaba yao na kuwapelekea fedha.

Fedha zikifika, wanakijiji wanakutana na kujadili zifanye nini. Zimeleta maji, zimesaidia shule. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kinachonigusa mimi zaidi ya tuzo ni kwamba hakuna mtu mmoja anayeshika funguo zote: anayelinda msitu si anayeuza, na anayeuza si anayeamua matumizi. Ni kazi nzito, kwa sababu kila chombo kina katiba yake, vikao vyake na hesabu zake. Wakaipokea.

Palepale Gazi, akina mama wana daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, na wageni hulipa kulitembelea. Wao wanaliendesha kama kikundi cha wanawake. Msitu ni ule ule, na chombo chao kinawatosha.

Turudi kwenu. Hamjafika miaka 18, kwa hiyo watakaotia sahihi ofisini ni wazazi wenu. Lakini sentensi ya kwanza ya katiba muiandike ninyi, leo, kabla jua halijazama. Haya, nani ana kalamu? Andika: "Kikundi kikivunjika, ngalawa, makasia na tanga vitakuwa mali ya shule." Sasa isome kwa sauti, nyote msikie.