Kaptura ya Superman yazusha zogo

Wako waliocheka waliposikia watu wazima wakigombana kwa ajili ya kaptura nyekundu ya Superman. Mimi sikucheka. Kwetu pwani kanzu humtambulisha mtu kabla hajatoa salamu, seuze shujaa wa sinema!

Jerry Siegel na Joe Shuster walipomleta huko Marekani mwaka 1938, walimvisha kikaptura hicho juu ya nguo ya buluu iliyombana, mfano wa wababe wa sarakasi wa zama hizo. Wenye utani hukiita nguo ya ndani iliyovaliwa nje. Mwaka 2013 sinema ya "Man of Steel" ikamvua. Waliokionea haya wakashukuru. Waliokua nacho wakanung'unika.

Basi Mei 2024 mwongozaji James Gunn akatoa picha ya mchezaji mpya, David Corenswet, ameketi akivaa kiatu. Kaptura imerudi! Zogo likaanza upya. Wengine wakashangilia, wengine wakasema vazi lina makunyanzi na halikumkaa.

Gunn mwenyewe alikuwa na shaka. Ameeleza kwamba Corenswet ndiye aliyemshawishi: mtu huyu huruka angani na kutoa moto machoni, naye hataki watoto wamwogope, basi na avae kitu cha kuchekesha kidogo.

Kwangu mimi hoja hiyo yashinda makelele yote. Wanaotaka shujaa wa kutisha wanao wengi, Batman yuko na weusi wake. Sinema ilipotoka Julai 2025, kaptura ilikuwa kiunoni.