Nafasi Iliyopotea Katika Kompyuta

Muhula uliopita nilipatwa na jambo lililotaka kuniharibia jina. Naona yafaa niwaeleze, ili mpate faida yake bila kupata taabu yake.

Kompyuta mpakato ya mwalimu wetu wa Hisabati ilikuwa imechoka. Diski yake, yaani chombo cha ndani kinachotunza kazi zote, ilikuwa ya GB 160, nayo ilijaa pomoni na kuanza kulia tik-tik. Ndani yake zilikuwamo alama za madarasa yote na mazoezi aliyoyatunga kwa miaka mingi. Chama chetu cha Kompyuta kikachanga fedha, nami nikatumwa mjini kununua diski mpya ya GB 500. Nikainunua, nikarudi nayo pamoja na stakabadhi.

Tuliunganisha diski mpya kwa waya wa USB, tukatumia programu ya kunakili diski nzima. Kabla ya kuanza tulikagua mara mbili ipi ni ya zamani na ipi ni mpya, kwa maana ukikosea ukanakili kutoka diski tupu kwenda diski iliyojaa, umefuta kila kitu. Kazi ilipokwisha tulifungua skrubu, tukabadilisha diski, na kompyuta ikawaka vizuri. Lakini furaha yetu haikudumu. Tulipotazama ukubwa wa diski C, tuliona GB 148 tu, nayo imejaa vile vile kama zamani!

Kijana mmoja anayejiita fundi akasema, "Mmeuziwa diski ya bandia." Hapo wenzangu wakanigeukia. Mmoja akanong'ona kwamba nimenunua diski ndogo na kutia fedha zilizobaki mfukoni. Nikaonyesha stakabadhi, naye akajibu kuwa stakabadhi huandikwa na mtu. Usiku ule sikupata usingizi.

Asubuhi mwalimu wa Kompyuta alituita. "Msimhukumu mtu kabla ya kuipima diski," alisema. Akabonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, akachagua Disk Management. Tukaona picha ya diski yetu kama utepe mrefu. Upande wa kushoto palikuwa na vipande vyenye mstari wa buluu. Upande wa kulia palikuwa na kipande kirefu chenye mstari mweusi, kimeandikwa Unallocated, chapata GB 316. Nafasi yetu ilikuwapo, haijaguswa na mtu.

Mwalimu akatueleza kwa mfano wa shamba. Mtu ana shamba la ekari 16, lenye ua. Akapata shamba jipya la ekari 50, akahamisha mimea yake yote, na ua wake akaujenga kwa kipimo kile kile cha zamani. Je, ekari 34 zimepotea? La, ziko nje ya ua, bado ni pori. Diski nayo hugawanywa kwa mipaka, na mipaka hiyo huandikwa mwanzoni mwa diski. Programu inayonakili diski nzima hunakili na mipaka pia. Basi Windows huamini maandishi hayo, na haitumii kitu kilichoko nje yake.

Dawa yake ni kusogeza ua. Hubofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya diski C, kisha huchagua Extend Volume. Kwa wengi kazi huishia hapo, kwa muda wa dakika moja tu. Lakini kwetu maneno hayo yalikuwa yamefifia, hayakubali kubofywa. Sababu ni kwamba Windows huweza kupanua sehemu endapo pori limepakana nayo upande wa kulia. Katikati ya C na pori letu palikuwa na kipande kidogo cha uokoaji, ambacho Windows hukitumia kujitengeneza inapoharibika.

Mwalimu hakukifuta. Kwanza alifungua dirisha la amri kama msimamizi, akaandika reagentc /disable, ili huduma hiyo ipumzike. Kisha akawasha kompyuta kwa flashi yenye programu ya bure iitwayo GParted, akakisogeza kipande kile mpaka mwisho wa diski. Wakati wote betri ilikuwa imejaa na waya wa umeme umechomekwa, kwani umeme ukikatika kipande kikiwa njiani, huenda kikaharibika. Aliporudi katika Windows, Extend Volume ilikubali. Diski C ikakua mbele ya macho yetu. Mwisho akaandika reagentc /enable.

Hata hivyo, yule mwenzangu aliuliza kwa nini diski nzima inaonyesha GB 465, wala si 500. Hesabu yake ni nyepesi. Kiwanda huhesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000. Windows huhesabu 1,024 mara 1,024 mara 1,024, yaani 1,073,741,824. Gawanya bilioni 500 kwa namba hiyo, utapata 465 na kitu. Hakuna aliyeiba.

Jambo jingine la kujua ni hili: mtindo wa zamani wa kuandika mipaka, uitwao MBR, kwa kawaida hauwezi kuhesabu zaidi ya baiti trilioni 2.2 hivi. Kwa hiyo ukinunua diski kubwa kuliko hapo, yakupasa kutumia mtindo mpya wa GPT, la sivyo nafasi inayozidi haitatumika.

Diski ya zamani tuliifunga kwa karatasi, tukaiweka kabatini mwezi mzima bila kuifuta, mpaka mwalimu wa Hisabati alipohakikisha kwamba kila alama iko mahali pake. Nawashauri nanyi mfanye hivyo hivyo.

Yule aliyeninong'ona alikuja kuniomba radhi mbele ya chama, nami nikampa mkono. Basi, ndugu zangu, siku mtakapokosa nafasi katika diski mpya, tazameni kwanza mipaka yake kabla ya kumtazama mwenzenu kwa jicho baya.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu